Hodi ya Nne

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na wewe uliyenyamaza huko benchi la nyuma, sikulaumu. Kuitikia si kazi ndogo. Mimi neno moja tu la kuitikia lilinishinda kwa miaka tisa, neno ambalo mtoto wa Tanga analijua kabla hajaota meno.

Mama mchungaji ameniomba niandike badala ya kusimama mbele. Anasema nikishika kipaza sauti naanza utani, na watu wanatoka wamecheka lakini hawajaguswa. Basi naandika. Nina elimu ya kidato cha nne, na hicho kidato chenyewe kilinipitia mbali kidogo, lakini kalamu naishika.

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo walioitwa kwenda kwa mataifa, mimi niliitwa jikoni. Nyumba yetu iko Chumbageni, ina kibaraza kwa mbele, na ng'ambo ya kichochoro, hatua kama kumi na mbili, ndiyo nyumba ya Bi Zuhura. Huyu alikuwa mjane wa Kipemba, Mwislamu wa sala tano, mpishi wa mkate wa kumimina ambao sijaona mfano wake. Mlango wangu ulikuwa wazi tangu asubuhi. Mtu akisema "Hodi!", mimi nasema "Karibu!" bila kugeuza shingo. Kwetu kumuuliza mtu "Nani?" kabla hujamkaribisha ni utovu wa adabu. Marehemu mama yangu angenifinya.

Sasa sikilizeni ujinga wangu ulikonifikisha. Ilikuwa mchana, adhana ya alasiri imekwisha muda si mrefu. Nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, mgongo umeelekea mlangoni. Binti yangu Pendo, wakati huo ana miaka saba, yuko chini ya meza anacheza na vifuu. Nikasikia hodi. Nikasema karibu. Sauti ya kiume ikasema, "Shikamoo, mama." Nikajibu, "Marahaba, mwanangu, pita ukae, nakuletea maji."

Walikuwa watatu, wana mapanga.

Mkinicheka nawaruhusu, nimeshajicheka sana. Nadhani ni mimi peke yangu mjini hapa niliyewakaribisha majambazi nikawaahidi na maji. Na wao walikuwa majambazi wa Tanga, wana adabu zao, maana walianza na shikamoo! Lakini aliyenishika aliniziba mdomo kwa kiganja, na kiganja kile kilinuka maganda ya machungwa. Pengine alikuwa ametoka kumenya chungwa hapo barabarani, kama mtu yeyote. Tangu siku ile machungwa ya Muheza sikuyaingiza nyumbani, na mnajua mtu wa Tanga asiyekula chungwa ni mtu wa kuulizwa maswali.

Wakawa wanakusanya vitu. Cherehani, redio, simu. Ndipo nikasikia hodi ya pili. Alikuwa mume wangu, Baba Pendo. Yeye ni fundi friji, siku hiyo kazi iliisha mapema. Alikuwa na mtindo wa kupiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe, kunichezea. "Hodi wenyewe! Mgeni kaja, ana njaa!"

Nilitaka kupiga kelele. Kiganja kilikuwa mdomoni. Akaingia anacheka, wakampiga panga la mkono na lingine begani, wakapita juu yake wakaenda zao.

Hakufa. Utukufu kwa Bwana! Mkono ulishonwa ukapona, umebaki umepinda kidogo pale kwenye kiwiko. Majirani walisema tumshukuru Mungu yamekwisha. Nasi tulishukuru. Na tukadhani kweli yamekwisha.

Ndugu zangu, yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza.

Baba Pendo aliweka nondo kwenye madirisha, akaweka geti la chuma mlangoni, na makomeo matatu. Hakupiga hodi tena kamwe. Alikuwa anagonga geti kwa ufunguo, mara mbili, anatulia, kisha mara moja. Huo ndio ukawa ufunguo wetu, na ndio mlio pekee tulioufungulia. Yule mume mcheshi sikumwona tena. Alikula chakula amekaa uso mlangoni, na sahani ikianguka jikoni alisimama na kisu mkononi kabla hajajua amesimama. Kisha anaona haya, anamgombeza mtoto. Mtoto amefanya nini? Mtoto hakufanya kitu.

Na mimi? Mimi neno "karibu" lilikufa kinywani mwangu. Nasikia hodi, ulimi unakauka, viganja vinatoka jasho, pua inanusa machungwa ambayo hayapo. Kutoka nje nikaacha, isipokuwa Jumapili nimeng'ang'ania mkono wa mume wangu uliopinda. Watu wakaniita Konokono. Niliwajibu kwamba konokono ana nafuu, yeye anatembea! Nikawafanya wacheke, na mimi nikacheka, na kumbe utani ule ndio ulikuwa komeo la nne.

Maombi niliombewa, msidhani sikuombewa. Walinikemea pepo la woga mara nyingi. Mara ya kwanza nilianguka kweli. Mara ya pili nilianguka kwa adabu tu, mama mchungaji alikuwa ameshachoka. Nikarudi nyumbani, mtu akapiga hodi, nikaingia chini ya meza.

Lakini ninalojutia zaidi ni hili, na hapa utani sina. Nilimfundisha Pendo. Nilimwambia, "Ukisikia hodi, nyamaza. Ukisikia ya pili, usipumue. Ya tatu ikipita, mtu ataondoka." Maana ndiyo desturi yetu, hodi ni tatu, usipojibiwa unakwenda zako. Niliichukua desturi nzuri ya watu wastaarabu nikaigeuza kuwa maficho. Mtoto wa miaka minane, tisa, kumi, anacheza sebuleni anaimba, hodi inapigwa, anakatika katikati ya neno kama redio iliyoishiwa betri. Nami nilimsifu! Nilisema ana akili! Na bado dukani nilimtuma yeye. Dunia niliyoiogopa mimi mtu mzima, nilimtuma mtoto aende akaniletee chumvi kutoka huko.

Wageni wakapungua, kisha wakaisha. Akabaki mmoja, Bi Zuhura. Kila siku baada ya alasiri alivuka kichochoro na sahani yake ya mkate, anapiga hodi.

"Hodi! ... Hodi, Mama Pendo! ... Hodi, weye u hai, ama nikusomee khitma na mkate wenyewe ninao?"

Sisi ndani kimya. Anaacha sahani kwenye kibaraza, anaifunika na kawa, anaondoka na kandambili zake. Akishakwenda, Pendo anatoka haraka anaichukua. Sahani tuliirudisha kwa mkono wa Pendo, imeoshwa, wakati mwingine na nazi mbili juu. Hivyo ndivyo tulivyoishi na jirani, kwa sahani. Miaka tisa! Sikuwahi kumwambia karibu.

Nafika sasa kwenye siku yenyewe.

Pendo alikuwa kidato cha tatu, amerudi shule. Mimi niko juu ya mbuzi nakuna nazi, naye anasoma pale pale. Hodi ikapigwa. Nikaacha kukuna. Ilikuwa sauti ya Bi Zuhura, lakini nzito, kama mtu aliyetia pamba mdomoni. "Hodi." Kimya kirefu. "Hodi ... Mama Pe ..." Jina halikuisha.

Pendo akanyanyuka. "Mama, ni Bibi Zuhura. Sauti yake si nzima."

Nikamwonyesha kwa kidole anyamaze.

"Mama, anaumwa! Nafungua."

Akavuta pumzi aitikie. Ndugu zangu, niliruka kutoka kwenye mbuzi, mimi ambaye magoti yananisumbua, nikamkamata mwanangu kwa nyuma nikamziba mdomo kwa kiganja.

Ya tatu ilipigwa. Haikuwa neno tena, ilikuwa pumzi tu. Kisha tukasikia kandambili zikiburuzwa, kisha kishindo, na sahani ikavunjika.

Sikutoa mkono. Pendo alikuwa akinitazama kwa macho ya pembeni, na machozi yake yalikuwa yakipita juu ya vidole vyangu. Nikaona mkono unaozima sauti ya mtu nyumbani mwangu. Nikaufahamu. Niliujua mkono ule kwa miaka tisa. Ila safari hii ulinuka nazi, na ulikuwa wangu.

Mngetarajia niseme hapo hapo nikafungua. Ningependa sana kuandika hivyo. Sikufungua. Nilimwachia mtoto nikakaa chini, na makomeo yote matatu yalikuwa yamefungwa kwa kufuli, na funguo ziko shingoni mwangu. Pendo hakuniomba. Alikaa akiegemea geti kwa ndani, akawa anasema na Bi Zuhura kupitia upenyo, "Bibi, nipo. Bibi, nipo hapa." Mpaka Baba Pendo alipokuja. Hakugonga mbili na moja. Aligonga kama mtu anayevunja. "Fungueni! Bi Zuhura kaanguka hapa mlangoni!"

Hospitalini wakasema ni kiharusi. Daktari akauliza, "Ilianza saa ngapi? Muda ni muhimu." Asha, binti wa Bi Zuhura, akasema hajui, alikuwa sokoni. Baba Pendo akasema hajui, alikuwa kazini. Mimi nilikuwa nimeletwa mpaka pale nikishikiliwa kama mgonjwa wa pili. Nilijua ile saa. Nilijua na dakika. Nikainamisha kichwa.

Pendo akasema yeye. Alimtajia daktari saa, akageuka akanitazama, na kuanzia hapo hakusema nami kwa majuma mengi. Alinisalimu, maana nilimlea. "Shikamoo." "Marahaba." Basi.

Bi Zuhura alirudi nyumbani upande mmoja hauna nguvu, mdomo umepinda, maneno hayatoki. Sahani kwenye kibaraza hazikuja tena. Hapo nikaijua njaa, ndugu zangu, na haikuwa njaa ya mkate.

Pale hospitali alikuwepo muuguzi mmoja mtu mzima. Aliona nilivyokuwa nikitetemeka siku ile, akatuita mimi na mume wangu turudi tuzungumze naye. Nilimwambia mimi nina pepo la woga lililokataa kutoka. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunicheka. Kisha akasema, "Mama, mkono wa mzee ulishonwa?" Nikasema ndiyo. "Na wewe ulishonwa wapi?" Akasema, "Wewe umeumia vilevile, na mtoto pia. Jeraha hamjaliosha, mmeliwekea nondo." Baba Pendo, mtu aliyekuwa hasemi, akalia kwa sauti, kile kiwiko kilichopinda kikaruka kama bawa la kuku. Kumbe miaka yote aliamini yeye ndiye mwenye kosa, kwa sababu aliingia bila kuitikiwa. Na mimi niliamini kosa ni langu, kwa sababu niliitikia. Tumelala kitanda kimoja miaka tisa, kila mmoja na hukumu yake, hatujaambiana!

Tuliendelea kwenda kwa yule muuguzi, na kanisa liliendelea kutuombea, na siku hizi mtu akiniuliza kipi kilinisaidia namjibu kwamba Bwana ana mikono miwili. Muuguzi alinipa zoezi. Alisema nichague mlango mmoja tu, nikapige hodi mimi.

Nilichagua ule ninaouogopa kuliko yote. Hatua kumi na mbili. Siku ya kwanza nilifika tatu, nikarudi nikasema nimesahau kitu kwenye moto. Siku ya pili nilifika katikati ya kichochoro, kuku akanipita mbio, nikamfuata, ila mimi kwa kurudi ndani. Siku ya tatu nilifika. Nikasema, "Hodi."

Kimya.

Ndugu zangu, hamjui hodi isiyojibiwa ilivyo mpaka usimame nje yake. Unajiona mdogo. Unajiuliza kama unanuka. Mwanamke yule alisimama hivyo kila siku kwa miaka tisa, na sahani mkononi!

"Hodi," nikasema tena. Kimya. Nikasema ya tatu, na ilipokosa jibu nikageuka niende. Desturi ni desturi. Nilikuwa nimeshainua mguu niliposikia sauti ndani, imepinda, inajikokota kama mtu anayepanda ngazi.

"Ka ... ka ... ibu."

Asha alitoka mbio kutoka uani, mikono ina unga. "Mama Pendo! Umemfanya nini? Hajasema neno tangu siku ile!"

Niliingia nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikamwambia yote mbele ya binti yake. Kwamba tulikuwemo. Kwamba nilisikia zote tatu. Kwamba nilimziba mtoto mdomo. Asha alisimama akatoka nje, na nilimwelewa, na mpaka leo salamu yake kwangu ni fupi. Nimestahili. Lakini Bi Zuhura alinishika mkono kwa ule wake mzima, akatafuta maneno moja moja.

"Nali ... najua. Mupo." Akapumua. "Nasikia mbuzi. Nikipiga hodi ... inanyamaza."

Mnaona? Alijua! Kila siku kwa miaka tisa alisikia nakuna nazi, anapiga hodi, kukuna kunakatika. Alijua tumo ndani tunamsikiliza, na kesho yake akarudi. Nikamuuliza kwa nini. Akatabasamu kwa upande mmoja uliobaki.

"Ipo siku," akasema.

Hapo ndipo lile jiwe lilipoondoka kifuani, wapendwa. Sikuanguka, sikupiga kelele. Nililia nikapenga kamasi kwenye kanga ya watu. Nikarudi nyumbani, nikavua zile funguo shingoni nikampa Pendo. Alizishika tu, akazitazama.

Bi Zuhura aliishi miaka mingine michache. Kila alasiri nilivuka mimi na sahani, na mkate wangu ulikuwa mgumu, naye alinitania kwa maneno mawili mawili. "Tofali. Tena." Angekuwepo mpaka leo kama ningefungua mlango? Muuguzi alisema hilo halijulikani. Mimi nalala nalo, na Bwana ananisaidia kulibeba, hajaliondoa. Sitawadanganya ili ushuhuda uwe mtamu.

Na Pendo? Ndilo jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Alinisamehe kwa maneno siku nyingi. Sasa ameolewa, anakaa Usagara, ana binti wa miaka miwili na nusu. Amempa jina la Zuhura, na siku ya kubatizwa mchungaji alipandisha nyusi zote mbili, tukamwambia, "Baba, endelea tu na maji." Lakini ndugu zangu, nikienda kwa mwanangu nikapiga hodi, haitikii. Mama yake mzazi! Ndani anakatika katikati ya neno, vilevile kama zamani. Pazia linasogea kidogo, kisha komeo linafunguliwa polepole, naye anasema, "Shikamoo, mama, samahani, nilikuwa uani." Uani! Mlango wa uani uko umbali wa kijiko. Simlaumu. Najua neno lake liko wapi, liko chini ya kiganja changu. Mimi Bwana ameniponya, na jeraha langu lilikuwa limeshahamia kwa mtu mwingine, limepanga chumba Usagara.

Basi huwa napiga tatu, nakaa kwenye ngazi, nasubiri. Nilijifunza kwa mwalimu mzuri.

Juzi nilikwenda, nimebeba machungwa ya Muheza kwenye kikapu. Ndiyo, nayala sasa, nanuka mpaka viwiko. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili. Kimya. Nikapiga ya tatu, nikaanza kuketi. Mara kisauti kikapaa huko ndani, hakina woga hata kidogo.

"Kaibu!"

Nikasikia miguu ya Pendo ikikimbia sakafuni kuelekea kwa mtoto. Ndugu zangu, niliganda nusu nimekaa nusu nimesimama. Niliuona mkono ule kwa macho ya moyo, unakwenda kwenye kinywa kidogo. Nikasema, Bwana, usiruhusu. Nikasubiri. Ndani hakuna sauti. Kikapu kikaniponyoka, machungwa yakabingirika barabarani, sikuyafuata.

Kisha nikasikia sauti ya mwanangu. Inatetemeka, lakini ilikuwa yake.

"Mwambie tena, Zuhura. Sema kwa nguvu, bibi yako kazeeka, hasikii."

"KAIBU!"

Jina la Bwana libarikiwe! Asante Bwana kwa kinywa cha mtoto, asante kwa jirani wa dini nyingine aliyenihubiria kwa sahani, asante kwa muuguzi aliyeuliza nilishonwa wapi.

Na wewe unayesoma haya umejifungia, nondo ndani na utani nje, nakujua. Tunafanana. Bwana anapiga hodi, naye hakasiriki akisikia mbuzi inanyamaza. Kesho anarudi. Na kama una jirani au mama au mume ambaye haitikii, nakuomba usimwite konokono. Nami vilevile, mlango wangu wa Chumbageni mnaujua, geti tumelitoa. Njooni. Kuna siku bado ulimi unakauka na ninachelewa kuitikia. Msiondoke baada ya ya tatu.

Pigeni ya nne.